Besi Ilikuwa Upande wa Miguu

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kiti, na kwangu mimi kukaa kwenye kiti si jambo dogo. Namwandikia mtu ambaye daktari amemwambia alale chali, asiinuke mpaka atakapoambiwa. Ugonjwa wenyewe sitaueleza. Wapo wanaoujua kuliko mimi. Nitakueleza chumba, maana humo ndimo utakamoishi.

Mimi ni fundi cherehani wa Handeni mjini. Nina mume, Baba Tumaini, ambaye ni mkulima, na watoto wawili. Mkubwa ni Tumaini, wakati ule alikuwa kidato cha pili, na mdogo wake alikuwa hajaanza shule.

Mgongo ulianza kuniuma wakati watu wanapanda mahindi ya vuli. Fundi cherehani kuumwa mgongo si habari, kwa hiyo sikumshtua mtu, hata mimi mwenyewe sikushtuka. Nilichuliwa kwa mafuta ya nazi. Nilinunua vidonge vya maumivu dukani. Nguo zikaanza kunipwaya, nikazipunguza kwa mkono wangu, nikaendelea. Jioni mwili ulipata joto, asubuhi likaisha. Halafu siku moja nilikuwa nashona sare za shule, nikatazama chini nikaona ndara ya mguu wa kulia imetoka, iko pembeni huko, na mguu wangu uko peku juu ya pedali ya chuma. Sikuwa nimehisi ilipotoka. Nikabonyeza pedali, mguu ukachelewa kutii, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini.

Nilipelekwa hospitali Korogwe, baadaye Tanga kwa kipimo kikubwa, kisha nikarudishwa Korogwe. Kwenye vyumba vya kusubiri wenzangu walikaa kwenye mabenchi, mimi nililazwa kwenye machela ukutani. Ukilala kwenye korido ya hospitali unajifunza jambo moja upesi: watu wanazungumza juu yako kama vile umelala usingizi. Nilimsikia mama mmoja akimwuliza mwenzake, "Huyu naye atatembea?" Mwenzake akasema, "Mungu anajua." Nilikuwa nawatazama pua zao kwa chini.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema ni TB, lakini si ya mapafu. Imekula mifupa ya mgongo, na mifupa inabana mishipa ya miguu.

"Kwa hiyo nitatembea?" nikamwuliza.

"Mama, dawa zipo na utazimeza kwa muda mrefu, zaidi ya unavyofikiri. Mgongo tunauombea utulivu. Ukiinuka kabla ya wakati, unaweza kuharibu kilichobaki."

Kwa hiyo nikalala.

Kurudi Handeni kulikuwa na shida. Barabara ni ndefu kwa mtu wa kulala, na kliniki yangu ilikuwa Korogwe. Basi ikaamuliwa nikae Kilole, hapo hapo Korogwe, kwa wifi yangu Marieta, dada mkubwa wa mume wangu. Nasema ikaamuliwa, maana mimi sikuulizwa. Walizungumza mlangoni, wakakubaliana, wakanibeba.

Wifi Marieta ni mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kabla ya hapo nilikuwa nikimwamkia, ananiitikia marahaba, basi. Ni mwanamke asiyependa maneno mengi wala machozi. Siku ya kwanza nililia mbele yake. Akasimama akiwa ameshika beseni, akangoja nimalize, kisha akasema, "Sasa tugeuke." Akanigeuza ubavu kwa kanga aliyoitandika chini yangu, polepole, mwili mzima kwa pamoja kama gogo, jinsi muuguzi alivyomfundisha. Akanisafisha. Mimi niliyezoea kupima watu viuno nikawa siwezi kujisafisha kiuno changu mwenyewe.

Chumba kile kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Kwenye dari palikuwa na doa la maji ya mvua lenye umbo la jani la mgomba. Nililijua doa lile kuliko ninavyoujua uso wangu. Nje nilisikia mabasi yakipiga honi barabara kuu yakielekea Mombo na Arusha, nikasikia watu wanavyochota maji, wanavyogombana, wanavyocheka, na hakuna hata mmoja niliyemwona. Majirani walikuja mwanzoni. Waliposikia neno TB wakapungua, ingawa Wifi aliwaeleza kuwa ya kwangu haiambukizi kwa kukaa karibu. Mkojo wangu ukawa na rangi ya machungwa kwa sababu ya dawa, na machozi nayo yakatia rangi foronya ya mto. Miguu ikakonda mpaka magoti yakawa ndiyo sehemu nene kuliko zote. Niliigusa kwa mkono, ikawa kama miguu ya mtu mwingine aliyelala kitandani kwangu bila kualikwa.

Wewe unayesoma ukiwa umelala, najua hasira hiyo. Sikwambii uiache. Mimi nilikuwa nayo masika yote.

Baba Tumaini alikuja alipoweza. Alikaa mlangoni akiwa ameshika kofia, akazungumza na dada yake.

"Daktari kasemaje?" alimwuliza.

"Niulize mimi," nikasema. "Mdomo haujapooza."

Akanigeukia, akasema Tumaini hajambo, anapika, anamlea mdogo wake, lakini hataki kuja Korogwe. "Nimemwambia twende, kasema ana masomo."

"Wakati wa likizo?"

Akageukia dada yake tena, akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba sauti ya chini haifiki kitandani, "Mama anasema nyumba haiwezi kukaa hivi bila mwanamke. Anasema nifikirie."

Nilitazama lile doa. Wifi alikuwa anakunja shuka. Alimaliza kulikunja, akalipiga pasi kwa kiganja, ndipo akasema, "Mwambie mama nyumba ina mwanamke. Yuko hapa kwangu anatengenezwa. Fundi akipeleka cherehani kutengenezwa, anaweka nyingine mahali pake?"

Baba Tumaini aliinamisha kichwa. Aliondoka na basi la mchana. Mimi nilibaki na hofu mbili badala ya moja, na zote haziruhusiwi kuinuka.

Sasa nifike kwenye kinanda. Kilikuwa humo humo chumbani, kwenye kona, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Kilikuwa cha marehemu shemeji, mume wa Wifi, aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Mwenyewe alijifunzia Lutindi, kwa wamisionari, na baadaye akajinunulia hiki cha umeme. Tangu azikwe hakuna aliyekigusa. Kilikuwa kama mgonjwa wa pili humo ndani.

Siku moja baada ya kumeza dawa za asubuhi nilishindwa kabisa. Nilimwambia Wifi kwamba kama ndiyo hivi, bora anirudishe Handeni nikafie kwenye kitanda changu. Hakunikemea. Alitoka, nikasikia anaburuta kitu. Aliingia na stuli mbili, akaziweka upande wa kulia wa kitanda, akaondoa kile kitambaa, akabeba kinanda, akakilaza juu ya stuli kikiwa kimebanana na fremu ya kitanda. Akachomeka waya.

"Mkono wako haujaugua," akasema. "Nipe."

"Sijui kupiga, wifi."

"Na mimi sijui. Nimemsikia mtu akipiga miaka yote ya ndoa yangu. Tutaona nani anakumbuka."

Kwa jinsi kilivyolazwa, sauti nyembamba zilikuwa upande wa kichwa changu, na nzito, zile za besi, zilikuwa upande wa miguu. Sikuweza kuviona vitufe vizuri, kwa sababu shingo niliambiwa nisiipinde sana. Akanifundisha kupapasa. Vitufe vyeusi vimekaa makundi makundi, viwili, kisha vitatu. Ukivigusa viwili, kitufe cheupe kilicho kabla yake ndicho utakachokiita do. Kutoka hapo nenda ukihesabu kwa vidole: do, ruka kimoja, mi, ruka kimoja, so. Bonyeza vyote vitatu kwa pamoja.

Nilibonyeza. Sauti tatu zikatoka zikiwa zimeshikana.

"Hiyo ndiyo wapiga vinanda wanaita kodi," akasema. "Si ya kulipa. Ni sauti zinazokaa nyumba moja bila kugombana."

Nilikuwa nimeimba kanisani tangu utoto, lakini siku zote niliimba sauti ya kwanza, ile ambayo kila mtu anaijua. Sikuwahi kujiuliza wale wengine wanaoimba chini yake wanapata wapi maneno yao. Nilirudia kodi ile mpaka kidole cha mwisho kikachoka. Wifi alikuwa amesimama dirishani, amenipa mgongo.

Siku zilizofuata akanipa ya pili, fa na la na do, na ya tatu, so na ti na re. Nyimbo nyingi za kanisani, alisema, zinaishi kwa hizo tatu tu. Ya kwanza ni nyumbani. Ya pili ni kwa jirani. Ya tatu ni njiani kurudi. Mwanzoni niliruka mkono mzima kutoka kodi moja kwenda nyingine, na kwa mtu aliyelala chali kila mruko ni kupotea. Nilibonyeza vitu vilivyolia kama bati linaloburutwa. Wifi akakumbuka kitu ambacho mumewe alikuwa akiwaambia wanakwaya: kila sauti iende pale palipo karibu. Akaniambia nisiuhamishe mkono. Do ipo kwenye kodi ya kwanza na ipo kwenye ya pili, basi kidole gumba kibaki pale pale. Vidole viwili vilivyobaki ndivyo visogee, kila kimoja hatua yake fupi. Kwa ile ya tatu, so ndiyo inayobaki, na do inashuka kidogo tu kwenda ti.

Sikuamini. Nyumbani, kwa jirani, njiani, nyumbani tena, na mkono wangu haujatoka mahali pake. Nilizunguka hivyo asubuhi nzima. Nilikuwa nimefungwa kitandani kama mwanzo, lakini kitu fulani kilikuwa kinakwenda na kurudi.

Sitaki kukudanganya kwamba muziki ulinifungua. Kulikuwa na wiki ambazo sikutaka hata kukitazama. Dawa zilinitapisha. Nilipata kidonda mgongoni kwa chini, na Wifi akawa ananigeuza mara kwa mara huku amekunja uso, hasemi. Siku ya kliniki nilibebwa kwenye gari la mizigo, juu ya godoro, nikitazama mawingu, na kila shimo la barabara lilinipita mgongoni kama msumari. Daktari alichoma nyayo zangu kwa kitu chenye ncha. "Hapa unasikia?" Sisikii. "Hapa?" Sisikii. Niliporudi nilimwambia Wifi aondoe kinanda. Akakiondoa bila neno. Kesho yake akakirudisha, pia bila neno.

Siku hiyo ndiyo aliyonifanyia ujanja. Alisimama upande wa miguu, akapiga mwenyewe, kwa vidole vyake vigumu vya chaki: nyumbani, kwa jirani, kisha ile ya tatu, so na ti na re. Akaachia hapo hapo, akaenda jikoni.

Nilisubiri. Nilisikia anamimina maji. Ile kodi ilikuwa imenyamaza lakini kichwani mwangu ilikuwa bado inaning'inia, mguu mmoja hewani. Nilijaribu kuvumilia, nikashindwa.

"Wifi," nikaita. "Njoo umalizie."

"Malizia mwenyewe," akajibu kutoka jikoni. "Mkono unao."

Nikanyoosha mkono, nikapapasa vile viwili vyeusi, nikashuka, nikabonyeza nyumbani. Na nilimsikia Wifi Marieta akicheka. Alikuwa na kicheko kidogo cha puani. Sikuwa nimewahi kukisikia tangu niolewe.

Umeme ulikatika sana mvua zilipokolea. Kinanda kikawa mbao. Basi Wifi akakaa pembeni ya kitanda akanipa sauti: yeye anashika so, mimi nishike mi, nisiyumbe. Kushika mi wakati mwenzako yuko juu yako ni kazi. Sikio linakuvuta umfuate. Mara kumi nilipanda kwake, mara kumi akanishusha kwa kidole, kama anavyomwelekeza mtoto ubaoni. Nilipoweza kukaa pale nilipotakiwa, nilihisi kitu kama mtetemo katikati yetu, na sote wawili tukakitunza bila kupumua, tukiogopa kitatoroka. Akaniambia pia kwamba mi ikishushwa nusu hatua, kodi nzima inaingia huzuni, ingawa zile sauti mbili nyingine hazijaondoka zilipo. Baada ya kusema hivyo akatazama kona ambayo kinanda kilikuwa kimekaa zamani.

"Alipougua," akasema, "hakutaka nikifunike. Mimi ndiye niliyekifunika. Nilidhani kelele zitamchosha."

Nilimshika mkono. Hakuutoa.

Mvua zilipoisha na baridi ya katikati ya mwaka ikaingia, nilikuwa nimeshavuka dawa za awamu ya kwanza, nikawa nameza vidonge vichache zaidi. Kidonda kilikuwa kimefunga. Asubuhi moja tulikuwa tunajaribu mikono miwili: mimi juu na kodi zangu, yeye kule chini na besi, kidole kimoja kimoja. Alibonyeza do ya chini kabisa, akaishikilia. Fremu ya kitanda ikatetemeka, kama ilivyotetemeka siku zote. Nilikuwa nimezoea kuihisi mabegani.

Nikamwambia, "Rudia hiyo."

"Nimekosea?"

"Rudia tu."

Akarudia. Kisigino changu cha kushoto kilikuwa kimegusa ubao wa kitanda, na ndani ya kisigino kile kulikuwa na nyuki. Mdogo, wa mbali, lakini alikuwa yupo. Nikamwambia aache. Nyuki akaondoka. Nikamwambia apige tena. Akarudi.

"Wifi, naisikia na mguu."

Mwanamke yule asiyependa machozi akakaa sakafuni, pale pale chini ya kinanda, na mkono wake mmoja ukabaki juu, kidole kimebonyeza, hakiachii.

Usifikiri niliinuka siku hiyo nikatembea. Mguu ulirudi kwa ubahili. Kwanza kulikuwa na moto wa sindano uliofanya nitamani ganzi yangu ya zamani. Kisha kidole gumba kikacheza. Nikapewa mkanda mgumu wa mgongo, nikainuliwa kidogo kwa mito, na chumba kikapinduka, nikatapika kwa kizunguzungu. Siku nilipokaa wima kwa mara ya kwanza, dirishani niliona kwamba ule ukuta wa jirani una mlango. Nilikuwa nimeishi upande wake miezi yote bila kujua kuna watu wanaoingia na kutoka hapo. Nilijifunza kusimama kwa kushika kitanda, kisha kwa fremu ya chuma ya kutembelea, kisha kwa fimbo. Baba Tumaini alikuja akanikuta nimesimama. Aliweka gunia chini, akanishika viwiko vyote viwili, akasema, "Pole, mke wangu. Pole sana." Nilingoja aseme na mengine. Hakusema, lakini mara ile hakukaa mlangoni. Alivuta kiti mpaka kitandani, na maswali yake ya hospitali akaniuliza mimi.

Nilirudi Handeni wakati wa machungwa. Kinanda kilibaki Kilole, na hapo ndipo panapokistahili. Wifi alinisindikiza mpaka stendi, akanifunga kanga kiunoni juu ya mkanda, akasema, "Ukichoka lala. Ukilala usife." Ndivyo anavyoaga.

Nyumbani si kama nilivyoota. Mgongo wangu umebaki na kibyongo, na siwezi kukaa kwenye cherehani kwa muda mrefu. Banda langu la kushonea nimemkodishia mwenzangu. Mchana lazima nilale chali, kwa hiyo dari nimepata nyingine. Mdogo alinizoea ndani ya siku chache. Tumaini hakunizoea. Alinipikia, alinifulia, aliniamkia shikamoo asubuhi kwa heshima zote, na hakunitazama. Nilipomwuliza kuhusu shule alinijibu, "Nzuri, mama." Nilipomwuliza kwa nini hakuja Kilole, alisema ana vyombo vya kuosha.

Baba yake ndiye aliyeniambia. Siku niliyobebwa kwenda hospitali, Tumaini alikuwa amesimama uani, akanisikia nikipiga kelele waliponiinua. Akaamini kwamba naenda kufa, na akaamua asinione nikifa. Ameishi hivyo karibu mwaka mzima, akipika na kulea nyumbani kwa mama aliyekwisha kumzika. Sasa nimerudi, nimepinda, na hajui aniweke wapi.

Huenda na wewe unaye mtu wa namna hiyo nyumbani. Usimlaumu. Na yeye alikuwa amefungiwa mahali.

Wiki iliyopita nilikuwa nimelala mchana, mlango wa uani uko wazi. Tumaini alikuwa nje anaosha masufuria, akiimba wimbo wa kwaya yao ya shule, taratibu, kama mtu anayeimba bila kujua kwamba anaimba. Nilisikiliza ubeti mzima nikiitafuta do yake. Nilipoipata nikaingia chini yake, kwenye sauti ya pili, kwa sauti ndogo, nikashika mahali pangu, sikumfuata alipopanda.

Akanyamaza. Sufuria nayo ikanyamaza. Nilibaki na sauti yangu peke yake hewani, na yenyewe haina maana ikiwa peke yake, kwa hiyo nami nikanyamaza. Nilidhani nimeharibu. Niliwasikia kuku wakikwaruza chini ya dirisha.

Kisha akaanza tena, tangu mwanzo wa ubeti, polepole zaidi kuliko mara ya kwanza, akiacha nafasi.